Njano ya Upande wa Pili

Mtaani walimwita Fundi Kesho, na jina hilo alijipa mwenyewe kwa kinywa chake. Mteja akija kuchukua gauni, fundi hainui hata kichwa kutoka kwenye cherehani: "Njoo kesho, mwanangu, limebaki pindo tu." Kesho yake pindo bado liko palepale. Watu walinuna, wakamsema kimoyomoyo, wakarudi tena, kwa sababu nguo ikishatoka mkononi mwake ilikukaa kama umezaliwa nayo. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mnene kiasi, miwani yake imefungwa uzi kwenye sikio moja, na futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata akienda msibani.

Alishonea barazani, nyuma ya nyumba yake ya vyumba vitatu. Pembeni yake, kwenye kiti kizito cha mbao chenye mikono, alikaa mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Bibi alikuwa na ukungu machoni. Daktari alishasema wazi kwamba cha kufanya hakuna, kilichobaki ndicho hicho. Sura za watu zilishampotea, akawa anawajua kwa sauti na kwa mwendo. Alichobakiwa nacho ni rangi, tena zile za kupiga kelele. Na mbele ya baraza ile, hatua kumi na mbili kwa kuhesabu, kitu pekee cha kutazama kilikuwa uzio.

Tusifichane: uzio ule ulikuwa aibu. Fundi ndiye aliyeusimamisha, enzi zile upande wa pili ni kichaka cha watu kutupia taka, akaokoteza mabati ya kila namna. Haya yameliwa na kutu, yale yana matundu ya misumari ya paa la zamani, na katikati bati moja la kibao cha duka lililokufa, limepigiliwa kichwa chini miguu juu, lina picha ya nusu kiatu. Wateja waliosubiri nguo zao za kesho walikuwa na muda mwingi wa kukitazama kiatu hicho.

Halafu kichaka kikauzwa, na aliyekinunua alikuwa mdogo wake fundi, yule aliyemfuata ziwa.

Huyu alikuwa muuguzi, na wote walimwita Nesi, hata dada yake. Miaka thelathini alifanya kazi katika hospitali za mbali, akawa anakuja likizo na mabegi na kuondoka na mabegi. Alipostaafu akajenga nyumba yenye choo cha ndani na sakafu ya marumaru, na kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, akapanda maua. Bogonvilia nyekundu hapa, ya zambarau pale, asmini dirishani, waridi njiani. Mwaka mmoja na nusu tu, jalala likawa mahali pa watu kupigia picha. Akaomba ruhusa, akakata kijimlango kwenye uzio ili mama apite. Dada alikubali. Angekataaje?

Lakini wivu, aliuona. Wala haukuanzia kwenye maua. Ulianza zamani, siku baba yao aliposema ada ya shule inatosha mtoto mmoja, na mama akasema mkubwa tayari ana mkono wa sindano, basi aende mdogo. Sare ya shule aliyovaa mdogo wake siku ya kwanza aliishona yeye, Fundi, akiwa na miaka kumi na mitatu, kwa mkono, bila cherehani. Ilimkaa vizuri sana. Hakuna aliyesema kitu.

Hilo la kutosemwa kitu lilikuwa sheria ya Bibi. Bibi aliamini kwamba mtoto akisifiwa mbele yake atavimba kichwa na kuharibika. "Sifa za mwanao wape watu," alizoea kusema. "Yeye mwenyewe mpe kazi." Fundi aliijua sheria hiyo tangu utotoni, ndiyo maana hakuwahi kuifikiria. Alichojua ni kwamba kwa miaka thelathini, akiwa ameinamia cherehani, alimsikia mama yake akiwaambia wateja: mdogo wake ameokoa mama na mtoto usiku mmoja, mdogo wake ametuma dawa, mdogo wake ana moyo kama nini. Na anayemwogesha Bibi, anayempikia, anayemshika mkono kwenda chooni, alisikia nini? Alisikia, "Chai ina baridi."

Sasa ikawa kila alasiri Nesi anaingia kwa kijimlango, anamtia mama dawa ya macho, kisha anabeba kile kiti cha mbao kichwani, maana Bibi hakubali kukalia kingine, na wanakwenda upande wa pili mpaka jua linapoanza kushuka. Fundi alibaki na alama nne za miguu ya kiti barazani na wateja wake wenye kinyongo.

Siku moja akauliza, kama mtu asiyejali, "Kwani mama huku kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya," Bibi akasema. "Ila huku naona kutu tu, mwanangu. Kule kuna rangi."

Juma lile lile Nesi akatia petroli kwenye moto bila kujua. Alisema mbele ya wote wawili, kwa upole wake wa hospitalini, "Dada, nilikuwa nafikiri mama ahamie kwangu. Chumba kipo, choo kiko ndani, na wewe upumzike kidogo."

Bibi akasema, "Acheni nifikiri. Msinisukume."

Basi. Tangu siku hiyo Fundi hakulala vizuri. Mwenzake alipata shule, akapata mshahara, akapata marumaru. Na sasa anataka na mama? Akajiapiza kwamba mabati yale atayafunika kwa kitu kizuri kiasi kwamba mama hatahitaji kuvuka kijimlango hata kwa kuchungulia. Na alijua rangi. Ndiyo siri aliyokuwa nayo yeye peke yake: alipokuwa akikata vitambaa, vipande vikianguka sakafuni, Bibi aliinama kuokota vya njano tu. Vyekundu alivipapasa akavitupa, vya njano alivileta karibu na uso na kuvitazama kwa raha. Njano ndiyo aliyoiona vizuri kuliko zote. Na kule kwa Nesi, pamoja na mbwembwe zake zote, njano haikuwepo.

Asubuhi moja akafunika cherehani, akawaambia wateja kesho, akaenda kwa Bwana Miche.

Bwana Miche aliuza miche kando ya barabara kuu, kwenye mifuko myeusi ya plastiki iliyopangwa kwa safu, naye mwenyewe alikuwa mrefu mwembamba, mwenye kupenda kufundisha.

"Nataka cha kutambaa kwenye uzio," Fundi akasema. "Kikubwa. Cha haraka."

"Karibu sana. Kuna asmini hapa, jioni inanukia..."

"Nesi anayo?"

"Nesi yupi? Aa, yule mama wa marumaru! Ndiyo, alichukua mbili."

"Sitaki."

"Kuna pasheni. Kivuli unapata, matunda unapata."

"Yataangukia kwake, aniletee kwenye sahani kama zawadi. Sitaki."

"Mdodoki?"

"Yaani mtu aje kupima gauni kwangu akute madodoki ya kuogea yananing'inia? Bwana wewe!"

"Bogonvilia, basi. Ninayo ya chungwa, ina miiba, hata mwizi..."

"Yeye anazo ngapi?"

Bwana Miche akaanza kuelewa yuko na mteja wa aina gani. Akamwonyesha mmea unaojibandika ukutani wenyewe, majani matupu. Fundi akauliza kama unatoa maua, akaambiwa hautoi, akauliza basi wa nini. Mwisho wakafika safu ya nyuma, na hapo palikuwa na mche mmoja umejizungusha kwenye kijiti, na juu kabisa ua moja la njano kama kikombe, njano ya kweli, ya kumfanya mtu akunje uso.

"Huu wanauita tarumbeta la njano," Bwana Miche akasema. "Nesi hana. Aliutaka, nilikuwa nimeishiwa."

Fundi alikuwa ameshafungua pochi.

"Ngoja kwanza, mama. Uzio wako unapata jua upande gani?"

"Jua ni la Mungu, linawaka kote."

"Hapana, nauliza kwa sababu. Mmea huu una uso na mgongo, kama hicho kitambaa chako cha kichwani. Majani utayapata popote, lakini maua yanafuata jua. Nyumba yako ikiukinga..."

"Wewe nawe una maneno kama mshenga! Nipe mitatu."

Hapo ndipo alipokosea, na kati ya watu wote, yeye ndiye hakustahili kulifanya kosa lile. Mtu aliyekaa miaka arobaini na mitano akishona nguo zikiwa ndani nje, akijua kwamba anayeshona huona mgongo wa kitambaa na uso wa nguo huonwa na mvaaji, aliambiwa neno la kazi yake mwenyewe na hakulisikia. Nyumba yake iliukinga uzio kuanzia asubuhi. Upande wake ulipata jua kidogo saa sita tu. Upande wa Nesi ulikuwa wazi kutwa.

Akapanda. Akatia samadi, akamwagilia kwa ndoo, akafunga nyaya kwenye mabati kwa vipimo, futi mkononi. Miche ile ilijua kupanda, haki ya Mungu. Mvua zilipokatika ilikuwa kiunoni, zilipoanza tena ilikuwa imevuka juu ya bati. Kutu ikafunikwa. Kiatu kikafunikwa. Wateja wakasema, "Fundi, umependezesha!" Naye akangoja maua. Kila asubuhi kabla ya chai alikwenda kuchungulia kati ya majani. Aliona vijiti, majani ya kijani kibichi, konokono mmoja. Njano hakuiona.

Siku ilipokuja, aliisikia kabla ya kuiona. Alikuwa anashona, akasikia wageni wa Nesi ng'ambo ya uzio.

"Jamani! Haya maua! Sijawahi kuona njano ya namna hii. Uzio mzima!"

Miguu ya Fundi ikasimama kwenye pedali.

"Asanteni," ikasema sauti ya Nesi. "Na kweli yamependeza."

Asanteni! Yeye amechota maji, yeye amebeba samadi, na mwenzake anapokea asante. Fundi alikuwa na tabia yake: kitu kikimuuma, anakanyaga cherehani. Akaikanyaga mpaka meza ikatikisika, mpaka asisikie tena neno lolote la upande ule, na pindo la sketi ya mtu likaenda upogo kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Kama angeacha miguu itulie kwa pumzi mbili zaidi, angesikia mengine. Lakini hakuiacha.

Tangu hapo Bibi akawa anavuka mapema zaidi. Zamani alasiri, sasa mara tu baada ya chakula. Akirudi, uso umechangamka, anasema, "Maua yamezidi leo, jamani."

"Mh," Fundi anajibu.

"Yamejaa mpaka chini."

"Mh."

"Chai ina baridi."

Nesi alimwambia zaidi ya mara moja, "Dada, vuka basi uje uone." Fundi akasema ana kazi. Nesi akamletea tawi moja lenye maua matano kwenye glasi ya maji. Akaliweka nyuma ya cherehani, likanyauka huko. Kwa nini avuke? Akaone mama yake ameketi kwenye bustani ya mwenzake kama malkia? Kuwahi hakuwahi kumchukia mdogo wake, na hata sasa hakumchukia. Alimwonea wivu, na wivu ni mbaya kuliko chuki kwa sababu unakula nawe sahani moja.

Jumapili moja mchana, Bibi akiwa amelala chumbani kidogo, wageni wakaja tena ng'ambo. Zikaja kelele za "aisee" na "mashallah", na kicheko cha Nesi. Fundi akauchukua mkasi wake mkubwa, ule wa kukatia suti, ambao hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuugusa hata kukata uzi. Akaenda kwenye uzio, akapiga magoti, akaukaza mkono. Shina la kwanza lilikuwa gumu kama kamba ya meli. Mkasi ukalia, ukateleza, ukamchubua kidole gumba. La pili. La tatu. Akarudisha majani yakafunika, akaosha mkasi, akarudi kwenye cherehani. Kwa muda wa nusu saa hivi alijisikia vizuri sana.

Hasira hasara, husema watu, na hasara yenyewe haikukawia.

Jumatatu majani yalilegea. Jumanne yakaning'inia. Bibi alirudi kutoka ng'ambo mapema, hakusema maua yamezidi, hakusema hata chai ina baridi. Aliinywa yote, kimya, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Fundi akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi.

Jumatano, saa nane, Nesi akachomoza kwenye kijimlango bila salamu.

"Dada, vuka."

"Nina kazi."

"Leo utaacha kazi. Mama analia."

Fundi akainuka na futi yake shingoni. Alivuka kile kijimlango kwa mara ya kwanza tangu apande, akasimama.

Kwanza aliuona uzio. Uzio wote, kutoka kona hadi kona, ulikuwa umevaa maua yake, mamia kwa mamia, yote yamesinyaa, rangi ya karatasi ya zamani. Aliona jinsi yalivyokuwa mengi. Hakuwahi kujua.

Kisha akakiona kiti. Hakikuwa katikati ya bustani, wala chini ya bogonvilia, wala karibu na waridi. Kilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye uzio, miguu yake minne imezama ardhini mashimo ya kina, ya kitu kilichowekwa palepale kila siku kwa miezi. Kilitazama mabati. Bogonvilia nyekundu, ya zambarau, waridi, asmini, kazi yote ya Nesi, vilikuwa nyuma yake. Bibi alikuwa amekaa ameipa mgongo bustani nzima.

"Hivi ndivyo anavyokaa?" Fundi akauliza kwa sauti ndogo.

"Tangu ua la kwanza," Nesi akasema. "Wageni wangu nikitaka kuwaonyesha waridi, yeye anawaita huku. 'Haya kayapanda binti yangu mkubwa. Kachota maji mwenyewe. Huyo akishika kitu, kinatii.' Mpaka wanachoka. Hukuwa unasikia? Uzio wenyewe si wa bati tu?"

Fundi alikumbuka miguu yake kwenye pedali.

"Mimi nimezoea," Nesi akaendelea, na hapo sauti yake ikakwaruza kidogo. "Likizo zote nilizokuja, dada, ni wewe tu. Mkono wa dada yako, moyo wa dada yako. Nilikuwa naondoka nikijiuliza mimi hapa nimekosa nini."

Bibi akageuza kichwa. "Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Mkubwa? Umekuja?" Bibi akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata mkono wa binti yake. "Afadhali umekuja. Nilikuwa sitaki kukwambia. Macho yamekwisha, mwanangu. Juzi niliona njano, jana nikaona kidogo, leo pale mbele sioni kitu. Nimekaa toka saa saba nasema labda itarudi." Machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti. "Heri kufa macho kuliko kufa moyo, wanasema. Waseme wao. Mimi ile njano nilikuwa naitaka."

Fundi alimtazama mdogo wake. Nesi alikuwa ameshayaona mashina, hilo lilikuwa wazi usoni mwake. Na ilikuwa wazi pia kwamba hatasema. Amemwachia. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ni wadudu, ni jua, ni samadi mbovu. Bwana Miche angesingiziwa, na maisha yangeendelea, na mama yake angeishi siku zilizobaki akiamini amepofuka.

Akapiga magoti kwenye udongo, mbele ya kiti.

"Macho yako hayajakwisha, mama."

"Usinifariji."

"Sikufariji. Maua yamekufa. Nimeyakata mimi, Jumapili, ulipokuwa umelala."

Vidole vya Bibi vikaanza kutembea juu ya mkono alioushika, kimoja kimoja, mpaka vikafika kwenye kidole gumba, kwenye lile chubuko. Vikasimama pale.

"Kwa mkasi upi?"

"Ule mkubwa."

"Ule wa suti." Bibi akavuta pumzi ndefu. "Wivu?"

"Wivu, mama."

Nesi akajitia kung'oa jani kavu kwenye waridi. Bibi akafuta uso kwa upindo wa nguo yake, upande mmoja, kisha upande wa pili, bila haraka.

"Afadhali," akasema mwisho. "Nilidhani ni macho." Kisha akauliza, "Umeyang'oa mashina, au umeyakata tu?"

"Nimeyakata. Mizizi ipo."

"Basi yatachipua. Jioni utanirudisha nyumbani." Akaegemea mikono ya kiti, tayari. "Kwa sasa nigeuze, nitazame kule kwa mwenzio."

Fundi alisubiri kidogo, labda mdogo wake angekuja kumsaidia. Nesi hakugeuka. Kiti kilikuwa kizito, na miguu yake ilikuwa imezama sana. Akakishika kwa mikono yote miwili, mama yake akiwa juu yake, akakichomoa ardhini, akakigeuza taratibu mpaka kikaelekea bogonvilia.

"Hapo?" akauliza.

"Sogeza kidogo," Bibi akasema. "Ile nyekundu siioni vizuri."

Akasogeza.